Msituvishe Kijivu

Mtu akitaka picha yake ya Beni, hapa kwetu mashariki mwa Kongo, ichukuliwe kwa uzito, siku hizi haulizi tena imebeba nini. Anaifungua kwenye simu, anaingia Snapseed, anagusa nyeusi na nyeupe, anakaza giza kidogo. Mawingu yanakunja uso, makunyanzi ya bibi kizee yanachimbika, na kazi imekwisha. Mwanamke aliyekimbia kutoka Eringeti na godoro kichwani, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa foto ya kawaida, sasa ni sanaa. Vijana wa studio za Butembo wanafanya hivyo, wapiga picha wa mashirika ya misaada wanafanya hivyo, na wageni wanaoshuka kwa ndege ndogo pale Mavivi wanafanya hivyo kabla hata hawajarudi makwao. Ukiwauliza sababu, majibu yao hayatofautiani sana: rangi inalivuta jicho pembeni, nyeusi na nyeupe inabakiza ukweli, tena inampa heshima mwenye msiba.

Nazikataa sababu hizo zote. Aliyetia filamu nyeusi na nyeupe kwenye kamera yake ameamua kabla ya kufyatua, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na mwenye picha iliyopigwa na rangi zake zote, anayezifuta baadaye mezani, kisha anatuambia kwamba alichobakiza ndicho kilichokuwa kweli.

Twende mezani kwake basi, tuone anachofanya hasa. Kamera ya simu, iwe Tecno au iPhone, huandika kila nukta ya picha kwa namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Kutoa rangi ni kuzilazimisha namba tatu ziwe moja. Sasa zichanganywe kwa kipimo gani? Lazima mtu aamue, na usipoamua wewe, ameshakuamulia aliyeandika programu. Kanuni iliyozoeleka kuliko zote huchota asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu. Imerithiwa kutoka viwango vya televisheni ya rangi vya Marekani vya mwaka 1953, na msingi wake ni kwamba jicho la binadamu huuona mwanga wa kijani kuwa mkali kuliko wa buluu. Ni kanuni ya akili, ila haikutungwa na mtu aliyekuwa akilifikiria soko la Butembo.

Chukua foto ya mama anayeuza sombe na mawese saa tatu asubuhi. Gusa chupa ya mawese mahali inapopigwa na jua, kompyuta inakusomea 190, 70, 20. Gusa fungu la sombe lililo kando yake: 62, 127, 65. Ni vitu viwili ambavyo mtoto wa miaka mitatu hawezi kuvichanganya. Vipitishe kwenye ile kanuni: mawese yanatoka 100, sombe inatoka 100. Kijivu kile kile, hakuna hata punje ya tofauti. Meza nzima ya yule mama, na biashara yake yote, imegeuka ubao mmoja wa saruji, na aliyeifanya hivyo anasimama mbele yetu kusema kwamba ameondoa kelele ili tuone kilicho muhimu.

Akiwa mjanja kidogo atasema hatumii kanuni ya bure; yeye anachagua chaneli. Vizuri. Akitumia nyekundu tupu, mawese yanang'aa kwa 190 na sombe inazama kwenye 62. Akitumia kijani tupu, mambo yanapinduka: sombe 127, mawese 70. Hizo ni picha mbili zinazopingana waziwazi juu ya kipi ni cheupe na kipi ni cheusi, zote mbili zimetoka katika faili moja, na zote mbili zitaitwa ukweli uliovuliwa mapambo. Tusogee sasa kwenye uso wa mwuzaji, maana hapo ndipo mchezo unapoacha kuwa mchezo. Shavu lake linasoma 115, 75, 58. Kwa nyekundu ni 115, kwa kanuni ya kawaida ni 85, kwa buluu ni 58. Mama yule yule, asubuhi ile ile, amekuwa maji ya kunde au amekuwa mweusi ti kwa kidole cha mtu aliyekaa kwenye kiti akinywa chai.

Wenye programu kubwa wanazo nyenzo kubwa zaidi. Photoshop ya mwaka 2007, ile CS3, ilileta jopo maalumu la nyeusi na nyeupe, na Lightroom humpa mhariri vitelezi vinane, kuanzia nyekundu na chungwa hadi zambarau, kila kimoja kikiamua rangi hiyo itoke nyeupe kiasi gani. Mafunzo yanayosambazwa kwa wanaoanza yanarudia shauri lile lile: ngozi ya binadamu inakaa kwenye chungwa, hivyo pandisha chungwa uso uwe laini na wenye nuru. Shauri hilo lilitolewa na watu waliokuwa wakipiga bibi harusi wa Ulaya. Lifuate kwenye uso wa mkulima wa Kyondo na utakuwa umempaka mkorogo. Hakuomba, wala hajui kama amepakwa.

Kundi jingine hufanya kinyume chake. Wanashusha chungwa na nyekundu mpaka chini, wanapandisha kitufe cha kukoleza maumbo, ngozi inakuwa nyeusi ya makaa, jasho linameta, weupe wa macho unaruka nje. Hao ndio hasa wanaotajwa kuwa na "jicho". Mchimbaji wa dhahabu, mkimbizi, mzee mwenye fimbo, wote wanatoka kwenye kiwanda hicho wakiwa na sura moja, sura ya mtu aliyeteseka tangu Adamu. Na yule mzee wa fimbo, ukimfuata kijijini kwake, unaweza kumkuta ni mcheshi mwenye koti la bluu bahari analojivunia sana.

Mapenzi haya ya giza yana historia ya kiufundi ambayo wapenzi wenyewe hawaijui. Bamba na filamu za zamani, za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, hazikuwa zikiuona wekundu. Zilishika buluu na kijani. Nyekundu kwao ilikuwa sawa na giza. Filamu zinazoona rangi zote zilienea polepole, na hata katika sinema zilitawala tu kuanzia miaka ya 1920. Fikiria maana yake kwa nchi yenye udongo mwekundu na watu ambao ngozi zao zina wekundu mwingi ndani ya udhurungi wake. Barabara ilitoka nyeusi na nyuso zikatoka nyeusi kuliko zilivyokuwa, huku mbingu ya buluu ikitoka nyeupe pepe. Ule mwonekano wa "Kongo ya kale" unaotafutwa leo kwa filta ulikuwa kasoro ya kemikali. Tumeichukua kasoro ya bamba la kioo, tukaipa jina la ukweli, na sasa tunailipia katika programu.

Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza aliyempiga picha Nsala kule Baringa mwaka 1904, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake vilivyokatwa, hakuwa na la kuchagua. Mabamba ya rangi ya ndugu Lumière yalianza kuuzwa mwaka 1907. Picha yake ilitikisa utawala wa mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa sababu ya kilichokuwa sakafuni mbele ya yule baba. Kudhani kwamba kijivu ndicho kilichofanya kazi ile ni kumpongeza mjumbe kwa viatu vyake.

Upo usemi unaozungushwa na wapiga picha dunia nzima, kwamba ukimpiga mtu kwa rangi unapiga nguo zake, na ukimpiga kwa nyeusi na nyeupe unapiga roho yake. Wanaurudia kwa sauti ya chini kama watu waliopokea siri. Mtu aliyeutunga hakuwahi kukaa na wanawake wa Butembo siku ya harusi. Huu ni mji uliojengwa na wafanyabiashara. Wanande, wenyeji wake, walikwenda Dubai, wakaenda Guangzhou, wakarudi na makontena kupitia Mombasa na Kampala, na vitambaa vimekuwa sehemu ya biashara hiyo kwa miongo. Kikwembe hapa kinasema. Kinamtaja mwenye kukivaa kuwa ni wa kundi gani la kanisa, ni wa upande wa bwana harusi au wa bibi harusi, kimenunuliwa mwaka huu au kimetolewa sandukuni, kimechapishwa kwa ajili ya Machi 8, siku ya wanawake, ya mwaka gani. Wanawake kumi na wawili waliovaa sare moja kwenye mazishi wamevaa vile makusudi. Wametoa pesa, wamekubaliana rangi, wamemshonesha fundi. Ukiwageuza kijivu umewanyang'anya kauli ambayo waliitayarisha kwa wiki mbili. Sijui roho inayoonekana vizuri zaidi baada ya mwenyewe kunyamazishwa.

Hata tukiacha nguo za sherehe, katika Beni na Butembo rangi ni habari, na mara nyingine ni ushahidi. Tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni mwezi Oktoba 2014, swali ambalo halijaacha kuulizwa ni nani hasa aliyekuja usiku ule. Mashahidi walieleza sare, wakaeleza mavazi, na ripoti zilizofuata zilirekodi kwamba baadhi ya washambuliaji walionekana na sare za kijeshi. Mtu anapokuletea picha ya sare iliyookotwa porini, na akaifuta rangi "ili iwe na nguvu", ameharibu kitu ambacho mchunguzi angekihitaji. Novemba 25, 2019, watu wenye hasira walichoma ofisi ya mji wa Beni na kuvamia kambi ya Boikene ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Julai 26, 2022, huko Butembo, askari watatu wa Umoja wa Mataifa waliuawa katika maandamano, na raia nao walikufa. Hasira zile zilikuwa na rangi moja mbele ya macho yao: buluu ya zile kofia. Tazama picha za siku zile zilizogeuzwa kijivu. Kofia ya buluu imekuwa kijivu chepesi, kofia ya askari wa serikali imekuwa kijivu kizito, na msomaji wa mbali anaona askari na vijana wanaorusha mawe mahali fulani Afrika.

Au rudi kwenye Ebola, iliyotangazwa Agosti 1, 2018 baada ya kugunduliwa Mangina, ikamalizika Juni 25, 2020 ikiwa imeua zaidi ya watu 2,200. Aliyepita kwenye vituo vya matibabu anaukumbuka ule wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa. Haukuwa pambo. Ulikuwa ukikuambia mwisho wako ni hapa, upande ule ni wa wagonjwa, na ukivuka bila mavazi ya kinga unaweza usirudi kwa watoto wako. Familia zilisimama nyuma ya chungwa lile kuongea na wagonjwa wao. Toa rangi na unabaki na uzio. Kila mahali duniani kuna uzio.

Na mashamba yetu, ambayo hakuna mpiga picha wa vita anayeyasahau akitaka "mandhari"? Mkulima wa kahawa wa Lubero anachuma kwa jicho: tunda jekundu linachumwa, la kijani linaachwa. Mwenye kakao upande wa Rwenzori anangoja kibuyu kibadilike kiwe cha njano au cha chungwa, na katika miaka hii ya mauaji kubadilika huko kumekuwa jambo la kutisha, kwa sababu msimu wa mavuno ndio unaomlazimu aingie shambani hata kama msitu una watu. Picha ya kakao iliyoiva na picha ya kakao mbichi zinaeleza wiki mbili tofauti na hatari mbili tofauti. Kwa kijivu ni matunda tu.

Sasa nije kwa hoja ambayo wapinzani wangu wanaipenda kuliko zote: nyeusi na nyeupe haina wakati, inaivusha picha juu ya siku yake. Nakubaliana nao kabisa kwamba ndivyo inavyofanya. Ndilo kosa lake. Vita vya Beni vina tarehe. Vina amri zilizotiwa saini, vina vikosi vilivyohamishwa, vina hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza Mei 6, 2021 na magavana waliovaa magwanda. Vina watu wanaoweza kuulizwa mlikuwa wapi. Picha ya mwaka 2021 ikivikwa sura ya maasi ya Simba ya 1964, au ya zama za mpira na mikono iliyokatwa, inamwambia mtazamaji kwamba hivi ndivyo kulivyokuwa daima, kwamba Kongo inavuja damu kama mto unavyotiririka. Mtu haulizi mto kwa nini unatiririka. Nani atahojiwa juu ya jambo lisilo na wakati? Kwa wenye kuhusika hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo.

Najua nitaletewa Marcus Bleasdale, na kwa haki. Mwingereza huyu alitembea mashariki mwa Kongo miaka mingi, akatoa kitabu mwaka 2002 kilichotaja miaka mia moja ya giza tangu kwenye jalada, akatoa kingine mwaka 2009, na kazi yake ya miaka ile ilikuwa nyeusi na nyeupe. Nayo ilileta matokeo. Mwaka 2005 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya dhahabu ya Ituri, iliyotoka Mongbwalu, ikapitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Butembo, ikafika Kampala na kuishia kwa kampuni ya Uswisi ya Metalor. Picha za Bleasdale zilionyeshwa pamoja na ripoti ile, na Metalor ikasimamisha ununuzi wake wa dhahabu kutoka Uganda. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa, nami naiheshimu, ingawa nakiri kuna kichekesho kidogo katika kuhukumu dhahabu kwa picha ambazo dhahabu haionekani kuwa dhahabu. Ila soma mnyororo wenyewe: mgodi, mji, mnunuzi, nchi, kampuni, mwaka. Kilichombana mnunuzi ni majina na njia za mzigo. Vijana wanaomwiga wamechukua kijivu wakaiacha ripoti.

Vivyo hivyo kwa Sebastião Salgado, aliyefariki Mei 2025, ambaye picha zake za kambi za wakimbizi wa Rwanda huko Goma mwaka 1994 zitaishi kuliko sisi sote. Alipohamia kamera za dijitali katika mradi wake wa Genesis, naye pia akawa anageuza faili za rangi kuwa nyeusi na nyeupe kwa programu inayoiga chembechembe za filamu aliyoizoea. Lakini yule alikuwa ameitazama dunia kwa kijivu kwa miongo mitatu kabla ya programu kuwepo. Alijua mbele ya kamera kitakachotoka mwisho. Anayepiga kwa rangi, akaona picha ni dhaifu, kisha akaikimbilia nyeusi na nyeupe kuifufua, hajafanya alichokifanya Salgado hata kama kitufe ni kile kile.

Hata waamuzi wakubwa wa taaluma wameshindwa kuliona hili. Mwaka 2010 shindano la World Press Photo lilimwondoa mshindi mmoja, Stepan Rudik, aliyepiga mapigano ya mitaani huko Kiev. Picha ya mwanzo ilikuwa ya rangi na pana. Aliikata mpaka kikabaki kipande kidogo, akaifuta rangi, akatia chembechembe, akatia giza pembezoni. Yote hayo yalipita. Kosa lililomtoa lilikuwa kufuta kijisehemu cha mguu wa mtu kilichotokeza nyuma. Kanuni za shindano hilo hadi leo zinaruhusu kugeuza picha kuwa kijivu maadamu maudhui hayakubadilika, na papo hapo zinakataza kubadilisha rangi moja kuwa nyingine. Yaani ukiigeuza kofia ya buluu iwe nyekundu wewe ni mwongo. Ukizifuta rangi zote za picha nzima kwa mpigo mmoja, umetumia tu haki yako. Sijapata mtu wa kunieleza mantiki hiyo kwa dakika tano bila kukohoa.

Kuna waliokwenda upande mwingine kabisa. Richard Mosse wa Ireland alikuja Kivu kuanzia mwaka 2010 na filamu ya Kodak ya infraredi, iliyotengenezwa ili majeshi yaweze kumgundua adui aliyejificha kwenye majani. Majani mabichi hutoka ya waridi. Milima ikawa ya waridi, waasi wakasimama kwenye nyasi za waridi, na mwaka 2013 kazi hiyo ikafika Venice. Wakongomani wengi walikasirika, na wengine walicheka. Mimi namwona Mosse kuwa mkweli kuliko wenye kijivu. Hakuna aliyetazama mlima wa waridi akarudi nyumbani akidhani ameiona Masisi; udanganyifu unajitangaza wenyewe. Kijivu kinadanganya huku kimevaa koti la shahidi.

Anayenipendeza zaidi ni wa kwetu. Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika mfululizo wake wa *Mémoire* uliokamilika mwaka 2006, aliwakata wafanyakazi na mabwana wa kikoloni kutoka picha za zamani za nyeusi na nyeupe, akawasimamisha juu ya picha za rangi za magofu ya viwanda vya kampuni ya madini ya Gécamines. Kijivu kilibaki kijivu kwa sababu kilitoka zama zake, na rangi ikabaki rangi kwa sababu ndiyo leo. Mtazamaji anaona mara moja nani ni wa lini. Baloji aliutumia mpaka huo kusema jambo. Wanaogeuza picha za juzi wanaufuta.

Nao wazee wetu waliotuachia zile picha ndogo zenye kingo nyeupe, je, walipenda kijivu? Walikitumia kwa sababu dawa zake mtu aliweza kuzichanganya kwenye chumba chenye giza nyuma ya studio, wakati filamu ya rangi ilidai dawa yenye joto la nyuzi karibu 38 lisiloyumba. Mashine za kusafishia rangi zilipofika mijini, wateja wa Afrika nzima waliikimbilia rangi, na studio nyingi za nyeusi na nyeupe zikafa. Hata kabla ya hapo walikuwa wakiililia. Seydou Keïta wa Bamako, ambaye leo majumba ya sanaa yanamtundika kwa kijivu kikubwa chenye kung'aa, baadhi ya picha zake ndogo za wateja zilipakwa rangi kwa mkono. Mteja alitaka wekundu wa mdomo uonekane, na mkufu uwe wa dhahabu kweli. Miaka sabini baadaye mjukuu wake ana simu inayompa rangi zote bure, naye anazifuta ili afanane na babu.

Nisionekane mshamba asiyejua matumizi. Zipo kazi ambazo kijivu ni cha lazima hapa hapa. Matangazo ya kifo, karatasi za parokia, mitihani ya shule, taarifa za ushirika wa kahawa: karibu vyote hutoka kwenye mashine ya kunakili yenye wino mweusi tu, kwa sababu karatasi ya rangi ina bei yake. Usipoigeuza picha wewe, mashine itaigeuza, na itafanya vibaya. Uso wa marehemu utatoka doa. Hapo ndipo ningependa kumwona fundi kazini. Achukue chaneli ya nyekundu autoe uso gizani, aangalie koti lisimezwe na ukuta, ajaribu nakala moja kabla ya kutoa mia. Hiyo ni kazi ya mikono na ya huruma, na cha ajabu ni kwamba anayeifanya haitwi msanii. Na kuna foto zilizopigwa chini ya taa za aina tatu, jenereta huku na tochi kule, nyuso zikawa za kijani na njano. Nazo zigeuzwe, mradi atueleze.

Atueleze, maana ndicho ninachodai kabla ya lolote. Maelezo chini ya picha yaseme ilipigwa kwa rangi na rangi imetolewa na nani. Faili la rangi lihifadhiwe; simu nyingi za vijana wetu zina nafasi ndogo, mtu anahifadhi toleo la kijivu na kufuta la mwanzo, na kutoka kwenye kijivu cha 100 hakuna njia ya kurudi kwenye mawese wala kwenye sombe. Zipo programu zinazokisia rangi, DeOldify ni mojawapo tangu mwaka 2018, lakini zinakisia kwa kadiri ya picha zilizofundishiwa, ambazo kwa sehemu kubwa si za huku. Kikwembe cha kijani kitarudi kahawia na hakuna atakayejua.

Na mhariri wa Brussels au wa Nairobi akinijibu kwamba wasomaji wake huguswa zaidi na kijivu, nitamwamini, kwa kuwa anawajua wasomaji wake. Ila picha ina mwenyewe mwingine. Achapishe zote mbili, ya rangi na ya kijivu, ampelekee yule mama pale sokoni na kumwuliza kwa adabu: "Mama, tukuachie ipi?" Kisha alete jibu hilo ofisini kwake, na aliandike kwenye maelezo ya picha.